Kipimo cha damu cha PSA: namna ya kujiandaa, kusoma majibu na kuamua hatua inayofuata

Wanaume wengi wa Tanzania na Kenya huahirisha uchunguzi wa tezi dume mwaka baada ya mwaka kwa kuamini kwamba kipimo chake ni kidole cha daktari, na mizaha ya vijiweni imeikuza hofu hiyo hata ikaonekana kuwa jambo la kawaida. Ukweli ni kwamba uchunguzi wa awali huanza kwa damu ya mshipa wa mkono, kama inavyochotwa kwa ajili ya kupima ini au figo, na kidole, pale kinapohitajika, huja baadaye kwa sababu maalumu. Hata hivyo urahisi huo una hatari yake. Mtu hupewa karatasi yenye namba moja, huondoka nayo bila maelezo, kisha ama huanza kuusia watoto kwa sababu imesoma 5, ama husahau habari hiyo kwa miaka kumi kwa sababu imesoma 3. Mwongozo huu unahusu kazi iliyo kabla ya sindano na ile iliyo baada yake, kwa kuwa huko ndiko kipimo hiki hufaa au huharibika.

Kinachopimwa

PSA ni protini inayotengenezwa na chembe za tezi dume, tezi iliyo chini ya kibofu cha mkojo na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kuyafanya majimaji ya shahawa yawe mepesi ili mbegu ziogelee. Kiasi kidogo huvuja na kuingia katika damu ya kila mwanaume mzima, na kiasi hicho huongezeka tezi inapovurugwa, iwe ni kwa saratani, kwa maambukizi, au kwa ule ukuaji wa tezi usio saratani ambao huwapata wanaume wengi kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo PSA ni alama ya tezi dume. Si alama ya saratani. Mkanganyiko karibu wote unaofuata, majumbani na hata katika baadhi ya zahanati, hutokana na kulisahau jambo hilo.

Kabla ya PSA kilitumika kipimo kingine cha damu, cha kimeng'enya kiitwacho fosfatesi ya asidi, ambacho tangu 1938 kilijulikana kupanda hasa saratani inapokuwa imekwisha kufika kwenye mifupa, yaani kwa kuchelewa. Ukikikuta bado kimeorodheshwa katika bei za maabara, usikinunue kwa ajili ya uchunguzi wa awali. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha PSA mwaka 1986 kwa kufuatilia waliokwisha kugunduliwa, na mwaka 1994 ikaidhinisha itumike pia, pamoja na uchunguzi wa kidole, kusaidia kugundua ugonjwa.

Nani apime, na kuanzia umri gani

Saratani ya tezi dume inaongoza miongoni mwa saratani za wanaume katika Tanzania na Kenya, kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo Lyon, Ufaransa. Hatari hupanda kwa umri, hupanda takriban maradufu kwa mtu ambaye baba yake au ndugu yake wa damu aliugua, na ni kubwa zaidi kwa wanaume wenye asili ya Afrika pamoja na waliorithi hitilafu katika jeni iitwayo BRCA2. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani wa mwaka 2023 unapendekeza kwamba mwanaume wa kawaida aanze kupewa nafasi ya kupima kati ya miaka 45 na 50, na kwamba mwenye asili ya Afrika au mwenye historia nzito ya ugonjwa huu katika ukoo aanze kati ya 40 na 45. Wenzao wa Ulaya wanasema 50 kwa watu wote, 45 kwa wenye asili ya Afrika au historia ya kifamilia, na 40 kwa wenye hitilafu ya BRCA2. Kwa wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, jopo la kinga la Marekani lilishauri mwaka 2018 uchunguzi wa kawaida usifanywe, kwa sababu saratani nyingi zinazogunduliwa katika umri huo hukua polepole kiasi kwamba mtu hufa na jambo jingine, ilhali madhara ya tiba huanza mara moja.

Faida yake ni ya kweli lakini haina ukubwa unaodhaniwa. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia zaidi ya wanaume 160,000 katika nchi nane kwa miaka 23 ulionyesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 katika kundi lililoalikwa kupima. Kwa maneno mengine, kifo kimoja kilizuiwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa, na kwa kila kifo kilichozuiwa wanaume 12 zaidi walitangaziwa kuwa na saratani. Takwimu hizo zilitoka kwa Wazungu karibu tupu. Kwetu hatari ni kubwa zaidi na wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, mambo ambayo yanaweza kuongeza faida ya kupima. Lakini tiba nayo iko mbali na ni ghali, jambo linaloipunguza. Kwa maoni yangu, swali la kujiuliza kabla ya kutoa mkono ni moja: namba ikiwa juu, je, nitakubali na nitaweza kwenda hatua inayofuata? Asiyekusudia kabisa kufanyiwa uchunguzi zaidi, kwa sababu yoyote ile, atajinunulia wasiwasi tu.

Kuna kundi ambalo maneno haya ya kupima faida na hasara hayalihusu. Mwanaume ambaye mkojo wake umeanza kusitasita, anayeamka usiku mara kwa mara kukojoa, mwenye maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoelezeka, au anayeona damu katika mkojo, hafanyi tena uchunguzi wa awali bali anatafuta sababu ya ugonjwa, na amwone daktari bila kungoja kambi ya upimaji. Damu katika mkojo hasa haijibiwi na PSA. Inaweza kuwa kichocho, ambacho kingali kingi Pwani na Kanda ya Ziwa, au mawe, au saratani ya kibofu chenyewe, na kila kimoja kina vipimo vyake.

Kujiandaa

Huna haja ya kufunga kula wala kuacha maji. Unachohitaji ni tezi iliyotulia, na hilo linataka mpango wa siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa. Mwongozo wa Uingereza unataka mwanaume awe hajatoa shahawa, kwa tendo la ndoa au kwa njia nyingine, katika saa 48 kabla ya kuchotwa damu, na awe hajafanya mazoezi mazito, hasa ya kuendesha baiskeli, kwa muda huohuo. Wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli kutwa nzima wanapaswa kulitaja hilo badala ya kudhani kuwa mazoezi ni yale ya uwanjani tu. Ikiwa umeugua maambukizi ya njia ya mkojo, au tezi yenyewe iliingiliwa na bakteria ukapata homa na maumivu, subiri wiki sita hadi nane baada ya kupona. Maambukizi ya tezi yanaweza kuipandisha PSA mara nyingi zaidi ya kawaida, na namba ya siku hizo haina maana yoyote kwa habari ya saratani. Subira ya namna hiyo yahitajika pia baada ya kuchukuliwa kinyama cha tezi, yaani vipande vidogo vinavyotolewa kwa sindano ili vichunguzwe maabara, na baada ya mkojo kuziba ghafla hata ukawekewa mpira.

Dawa ndizo zinazosahaulika kuliko yote. Finasteride na dutasteride, ambazo hutolewa kwa wenye tezi iliyokua, hushusha PSA kwa takriban nusu baada ya matumizi ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mtu anayezitumia akasoma 3 anapaswa kuhesabiwa kuwa na kama 6, na ikiwa namba yake inapanda huku akimeza dawa kila siku, hata kama bado iko katika kiwango kinachoitwa cha kawaida, hilo ni jambo la kuchunguzwa haraka. Finasteride hutumika pia kwa dozi ndogo kuzuia upara, na wanaoinunua kwa ajili ya nywele mara nyingi hawaihesabu kuwa dawa. Vidonge vya vitamini iitwayo bayotini, vya dozi kubwa, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, vinaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara na kutoa majibu ya uongo. Dawa za mitishamba zitaje zote kwa daktari, hata kama unajua atakunja uso.

Siku ya kuchota damu

Omba damu ichotwe kabla ya uchunguzi wowote wa kidole au wa kamera. Kidole hupandisha PSA kidogo tu, lakini hakuna sababu ya kuongeza shaka isiyo ya lazima. Mtaalamu atachota mililita chache kutoka mshipani, na damu hiyo inapaswa kutenganishwa katika mashine siku hiyohiyo. Waandishi wa miongozo ya Uingereza wanaweka ukomo wa saa 16. Ikiwa imeagizwa pia PSA huru, ambayo nitaieleza hapa chini, haraka ni kubwa zaidi, kwa sababu sehemu hiyo huharibika upesi, na sampuli inatakiwa kutenganishwa ndani ya saa tatu hivi. Kama zahanati yako hukusanya damu na kuituma mjini kwa basi, uliza basi huondoka saa ngapi.

Jambo ambalo ningependa kila anayehudhuria kambi za upimaji wa bure alijue ni tofauti ya kipimo cha mashine na kile cha kikaseti. Kikaseti, kinachofanana na kile cha malaria, huonyesha mstari tu: damu iko juu ya kiwango fulani, kwa kawaida 4, au iko chini. Hakitoi namba inayoweza kulinganishwa na ya mwaka ujao, na macho ya wasomaji wawili yanaweza kutofautiana mstari unapokuwa hafifu. Si kwamba kambi hizo hazina maana. Zimewafikia wengi ambao wasingefika hospitali. Lakini ukipata mstari unaosema iko juu, hatua yako ni kwenda kupima upya kwa mashine, na ukipata unaosema iko chini, usiandike popote kwamba PSA yako ni ya kawaida, maana huijui.

Kusoma namba

Majibu huandikwa kwa nanogramu katika kila mililita ya damu. Maabara nyingine huandika mikrogramu kwa lita, na namba huwa ileile, hivyo hakuna cha kubadili. Kwa miaka mingi 4 imetumika kama mpaka, lakini hakuna ukuta hapo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwachukulia kinyama wanaume ambao PSA yao ilikuwa 4 au chini yake, na asilimia 15 hivi walikutwa na saratani, ingawa nyingi zilikuwa za aina isiyo kali. Upande wa pili, kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10 ni kama robo tu hukutwa na saratani. Inapovuka 10 uwezekano hupita nusu. Kwa sababu tezi hukua na umri, mwongozo wa Uingereza kwa wenye dalili huweka mipaka tofauti: zaidi ya 2.5 kwa wenye miaka 40 hadi 49, zaidi ya 3.5 kwa 50 hadi 59, zaidi ya 4.5 kwa 60 hadi 69, na zaidi ya 6.5 kwa 70 hadi 79. PSA ya 3 kwa mwanaume wa miaka 44, kwa hiyo, si habari njema kama ilivyo kwa baba yake mwenye miaka 72.

Namba ya mtu huyohuyo hupanda na kushuka kwa asilimia 15 au zaidi bila ugonjwa wowote. Aliyetoka 3.8 hadi 4.2 hajapanda chochote cha kuzungumzia. Isitoshe, mashine hazisomi sawa: zimesawazishwa kwa viwango viwili tofauti, na kile cha Shirika la Afya Duniani hutoa namba iliyo chini kwa takriban asilimia 20 hadi 25 kuliko kile cha zamani. Ndiyo maana anayepima mwaka huu Dar es Salaam na mwaka ujao Nairobi anaweza kuogopa au kufurahi bure. Pima maabara moja, na ukihama, andika jina la maabara na njia iliyotumika kando ya kila jibu.

Namba iliyo chini nayo ina kazi yake. Watafiti waliofuatilia wanaume wa Malmö, Uswidi, waligundua kwamba aliyekuwa na PSA ya 1 au chini yake akiwa na miaka 60 alikuwa na uwezekano wa asilimia 0.2 tu wa kufa kwa saratani hii kabla ya miaka 85. Hao pia walikuwa Waswidi, na nisingetumia matokeo hayo kumwambia mwanaume wa Kilimanjaro ambaye babu na baba yake waliugua kwamba asirudi tena. Kwa kawaida kurudia kila baada ya miaka miwili hadi minne kunatosha, na mara mbili kwa mwaka kwa mtu mwenye namba ndogo ni kumnufaisha mwenye maabara.

Namba ikiwa juu

Hatua ya kwanza ni kuipima tena baada ya wiki kadhaa, kwa masharti yote ya maandalizi niliyoyataja, kabla ya kukubali kipimo kingine chochote. Kati ya robo na theluthi moja hivi ya wanaume, pengine zaidi, namba yao hurudi chini wanapopima mara ya pili. Kumeza antibiotiki ili kuishusha namba, bila dalili wala ushahidi wa maambukizi, hakufai. Ni desturi iliyozoeleka na haina faida iliyothibitishwa. Uharaka uliopo ni kwa mtu ambaye PSA yake iko katika makumi au mamia: huyo asisubiri kitu, apelekwe moja kwa moja kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo.

Ikibaki kati ya 4 na 10, vipimo vya pili vya damu huanza kuwa na maana. PSA huru ni ile isiyoshikamana na protini nyingine katika damu, na saratani huelekea kuipunguza sehemu hiyo. Chukulia mwanaume wa miaka 62 mwenye PSA ya jumla ya 6.2 na PSA huru ya 0.9. Gawanya 0.9 kwa 6.2 utapata takriban asilimia 14.5. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 uliokipa kipimo hiki nguvu, walio na zaidi ya asilimia 25 walikuwa na uwezekano wa asilimia 8 hivi wa kuwa na saratani, na walio chini ya asilimia 10 walikuwa na uwezekano wa asilimia 56. Mtu wetu yuko katikati, na asilimia yake peke yake haitoshi.

Sasa mtazame kwa ultrasaundi. Karatasi ya kipimo hicho hutoa urefu, upana na kina cha tezi kwa sentimita. Zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 0.52, upate ujazo wa tezi kwa mililita. Tezi ya 5.0 kwa 4.5 kwa 4.0 ni kama mililita 47. Gawanya PSA kwa ujazo huo, yaani 6.2 kwa 47, na jibu ni 0.13, ambalo liko chini ya 0.15 inayotumiwa na wengi kama mpaka wa wasiwasi. Lakini kama tezi yake ingekuwa ndogo, ya mililita 25, PSA ileile ingetoa 0.25, na hapo ningemshauri asichelewe hata wiki moja. Hesabu hii haigharimu kitu zaidi ya ultrasaundi ambayo mara nyingi imekwisha kulipiwa, na ni ajabu jinsi inavyofanywa mara chache. Ultrasaundi iliyopigwa juu ya tumbo hukosea zaidi kuliko ile ya njia ya haja kubwa, kwa hiyo usiihesabu kwa desimali nyingi.

Vipo vipimo vya damu vipya zaidi: PHI, inayochanganya PSA ya jumla, PSA huru na aina nyingine ya PSA, 4Kscore, inayotumia protini nne pamoja na umri na taarifa za mgonjwa, na Stockholm3 ya Uswidi, inayoongeza alama za jeni. Vyote vinasaidia kupunguza idadi ya wanaochukuliwa kinyama bila sababu. Mgonjwa asiyevipata mjini kwake hajakosa njia, kwa kuwa PSA iliyorudiwa, PSA huru, ujazo wa tezi na kidole vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kidole hutafuta uvimbe mgumu ambao damu inaweza kutouonyesha, kwa sababu baadhi ya saratani kali hutoa PSA kidogo. Huchukua sekunde chache.

Baada ya hapo, panapowezekana, hufuata MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, kabla ya kinyama, ili sindano ilengwe mahali penye shaka, na tezi isiyo na shaka iachwe. Pasipo na MRI, kinyama huchukuliwa kwa kuongozwa na ultrasaundi. Muulize daktari kama atapitia njia ya haja kubwa au ngozi iliyo kati ya korodani na haja kubwa, kwa kuwa njia ya pili ina maambukizi machache, na umwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Majibu ya kinyama yakionyesha saratani ya daraja la chini, usikimbilie upasuaji. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia wanaume 1,643 kwa miaka 15 hivi, ulikuta kwamba takriban asilimia 3 tu walikufa kwa saratani hiyo, na idadi hiyo haikutofautiana sana kati ya waliofanyiwa upasuaji, waliopewa mionzi na waliofuatiliwa tu. Ufuatiliaji huo una ratiba: PSA kila miezi sita, katika maabara ileile, na kinyama au MRI vikirudiwa kwa vipindi ambavyo daktari atakuandikia tangu mwanzo. Mwombe ratiba hiyo kwa maandishi, na umwombe pia aandike ni namba gani au badiliko gani litakalomfanya abadili uamuzi.